Enkelado: Mwezi wa Barafu Wenye Chemchemi

Saa 11 alfajiri, kabla jua halijachungulia, vijia vya makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huwa vimekwisha kuamka. Akina mama, na watoto wengi pamoja nao, hushika majerikeni yao ya manjano na kwenda bombani kuwahi zamu. Huko Mbarara, upande wa kaskazini-magharibi, askari wa lindo katika kambi ya Makenke naye anangojea zamu, lakini yake ni ya kupumzika. Watu hawa hawajuani. Hata hivyo, katika majira ambayo sayari ya Zohali huonekana alfajiri, wote wawili wakiinua macho wataiona nyota moja ile ile: yenye rangi ya manjano iliyofifia, iliyotulia, isiyometameta kama nyota nyingine.

Hiyo ndiyo Zohali. Hata inapotukaribia kabisa huwa umbali wa kilometa zipatazo milioni 1,200. Sisi tunaoishi jirani na mstari wa Ikweta tuna bahati, kwani hupita juu sana kwetu, mahali ambapo ukungu wa upeo hauifichi. Kinachostahili kuzungumzwa leo, lakini, hakionekani kwa macho. Miongoni mwa miezi mingi inayoizunguka Zohali (nasema miezi ya angani, si ya kalenda) umo mmoja mdogo uitwao Enkelado. Nje yake ni barafu tupu. Ndani yake mna bahari ya maji ya chumvi, nayo hupasua barafu hiyo na kuruka angani usiku na mchana bila kukoma.

Kwa ajili ya maji hayo, mwaka 2017 binadamu walikiangamiza kwa makusudi chombo kilichowagharimu mabilioni ya dola na miaka 20 ya safari na kazi. Wako waliosema huo ulikuwa uharibifu wa mali. Mimi nadhani mtu aliyepata kuishi Nakivale, mahali ambapo tone la maji safi lina thamani yake, atauelewa uamuzi ule upesi kuliko watu wengi wa miji mikubwa. Lakini tuanze mwanzo.

MPIGA ZUMARI WA JESHI

Mtu wa kwanza kuuona mwezi huu na kuutambua alikuwa na asili ya jeshi. William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738. Baba yake alikuwa mpiga muziki katika bendi ya Kikosi cha Walinzi wa Hanover, na kijana naye aliingizwa katika bendi hiyo hiyo, akipiga zumari, alipokuwa na umri wa miaka 14 tu. Mwaka 1757 Wafaransa waliyashinda majeshi ya Hanover na washirika wake katika vita vya Hastenbeck. Herschel alivukia Uingereza akajipatia riziki kwa muziki. Baadaye alishutumiwa kuwa ni mtoro wa jeshi. Wasomaji wetu wenye sare watamhukumu wapendavyo. Mimi naendelea na darubini zake.

Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath, na usiku alisoma vitabu vya nyota. Darubini za kukodi hazikumtosheleza, na zile kubwa za kununua bei yake haikukamatika. Basi akaamua kutengeneza mwenyewe. Darubini ya namna yake haikutumia kioo cha kawaida, bali sahani ya madini ya shaba na bati iliyosuguliwa mpaka ing'are. Nyumba yote ikageuka karakana. Dada yake, Caroline, ambaye aliletwa kutoka Hanover mwaka 1772 na kufundishwa uimbaji, alijikuta akitwanga mavi ya farasi kwa kinu na kuyachunga kwa chekecheo, maana ndiyo yaliyofanyiwa kalibu ya kumiminia madini. Siku moja mwaka 1781 madini yaliyoyeyushwa yalivuja yakatapakaa sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka huku na huku, na watu wote wakakimbia kuokoa roho zao.

Caroline mwenyewe ameandika kwamba kaka yake aliposugua sahani hakuweza kuondoa mikono juu yake, na safari moja kazi iliendelea kwa saa 16 mfululizo. Ilimpasa dada amtie chakula kinywani, tonge baada ya tonge. Usiku Herschel alipanda juu ya darubini na kupaza sauti akisema alichokiona, naye dada akaketi na taa yake na saa yake, akiandika kila neno. Mwanamke huyu, ambaye homa ya utotoni ilimzuia kukua akabaki mfupi sana, alikuja kugundua nyota-mkia kadhaa yeye mwenyewe. Kuanzia mwaka 1787 Mfalme alimpa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Aliishi miaka 97. Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi humtaja kaka peke yake, kana kwamba tonge zile zilijitia kinywani zenyewe.

Herschel aligundua sayari ya Uranusi tarehe 13 Machi 1781, na Mfalme George wa Tatu akampa fedha za kujenga darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Bomba lake lilikuwa na urefu wa meta 12, na sahani yake upana wa meta 1.2. Kabla halijasimamishwa, wageni walitembea ndani yake kama watu wapitao katika kalvati la barabara.

Tarehe 28 Agosti 1789, katika kijiji cha Slough, aliielekeza darubini hiyo kwa Zohali. Mwaka ule ulikuwa na siri yake. Zohali imezungukwa na pete pana za vipande vya barafu, na mng'ao wa pete hizo huifunika miezi midogo iliyo karibu, jinsi taa kali za lori zinavyomficha mtu anayetembea kando yake. Lakini kila baada ya miaka kama 15 pete hugeuka zikatuelekea kwa ubavu, na kwa kuwa ni nyembamba mno, karibu zitoweke machoni. Ilikuwa hivyo mwaka 1789, na imetokea tena Machi 2025. Katika giza hilo Herschel akaona nukta ndogo ya mwanga karibu na sayari. Tayari miezi mitano ya Zohali ilikuwa ikijulikana, mmoja aliougundua Huygens mwaka 1655 na minne aliyoigundua Cassini kati ya 1671 na 1684. Kwa zaidi ya miaka mia moja hapakuongezeka wa sita. Nukta ile ndiyo iliyokuwa wa sita, na siku 20 tu baadaye Herschel akaupata wa saba.

Asidanganyike afisa mwenye darubini yake ya vitani shingoni. Nukta hiyo haionekani kwa darubini ya mikono miwili. Yataka chombo kikubwa zaidi, usiku usio na mbalamwezi, na subira.

JINA LILITOKA AFRIKA, RAMANI IKATOKA BAGHDAD

Kwa miaka 58 mwezi huo haukuwa na jina. Aliyeupa ni John Herschel, mwana wa William, ambaye kati ya 1834 na 1838 alikaa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, akizichunguza nyota ambazo Ulaya hazionekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1847 juu ya kazi ile ya Rasi, alipendekeza miezi ya Zohali iitwe kwa majina ya majitu ya hadithi za Wagiriki. Enkelado alikuwa jitu lililoshindwa vitani likazikwa chini ya mlima Etna wa Sicilia. Walisema kila likijigeuza mlima hutetemeka na kutema moto. John Herschel hakuwa na habari kabisa kwamba mwezi aliouita hivyo nao hutema kitu kutoka chini ya ardhi yake.

Ramani ya mwezi huo ina mambo yatakayomfurahisha msomaji wa Kiswahili. Wataalamu wa mataifa waliafikiana kwamba kila shimo, bonde na uwanda wa Enkelado uitwe kwa jina la mtu au mahali pa hadithi za Alfu Lela Ulela. Kwa hiyo lipo shimo la Ali Baba, lipo la Aladini, na lipo la Shahrazadi mwenyewe, yule bibi aliyeiokoa shingo yake kwa kusimulia. Mipasuko minne mikubwa ya kusini inaitwa Iskandaria, Kairo, Baghdad na Dameski. Watoto waliozisikia hadithi hizo kwa bibi zao, iwe Unguja, Bukavu au hapa Nakivale, wanaijua nusu ya ramani ya Enkelado pasipo kujua kwamba wanaijua.

UMBO LAKE

Enkelado ni mdogo. Ukipima kutoka upande mmoja hadi wa pili ukipitia katikati, utapata kilometa 504. Basi litokalo Mbarara kwenda Kampala na kurudi huenda zaidi ya hapo. Uso wake wote, ukitandazwa kama mkeka, ungekuwa na kilometa za mraba zipatazo laki 8, yaani usingeifunika Tanzania. Kwa udogo huo nguvu yake ya kuvuta vitu ni hafifu mno: gunia la mahindi la kilo 100 lingeelemea bega kama kilo moja na kitu, na askari akiruka juu angekaa muda mrefu hewani kabla ya kugusa chini.

Huizunguka Zohali kwa umbali wa kilometa 238,000 kutoka katikati ya sayari, na mzunguko mmoja huchukua saa 33 hivi. Kama mwezi wetu, nao huelekeza uso mmoja tu kwa sayari yake siku zote. Mtu akisimama upande huo angeiona Zohali imening'inia mahali pamoja angani, kubwa ya kutisha, haichomozi wala haitui.

Rangi yake ni nyeupe kuliko kitu chochote kijulikanacho katika ukoo wa jua letu. Karibu nuru yote inayoangukia juu yake hurudishwa, na kwa sababu hiyo haupati joto. Baridi yake ni kiasi cha nyuzi 200 chini ya sifuri. Sisi barafu tunayoijua ni ile ya jokofu, au ile ya vilele vya Ruwenzori, meta 5,109 juu ya bahari, ambayo inapungua mwaka hata mwaka. Barafu ya Enkelado si ya namna hiyo. Kwa baridi ile inakuwa ngumu kama mwamba, ukiigonga kwa nyundo italia.

Vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Voyager vilipita huko mwaka 1980 na 1981. Picha zake zilionyesha kitu kisichoeleweka. Upande mmoja ulijaa mashimo yaliyochimbwa na vimondo, kama inavyotarajiwa kwa kitu kizee. Upande mwingine ulikuwa laini, wenye mikunjo na mipasuko, bila mashimo, kama sakafu iliyosiribwa upya. Nani aliyeisiriba? Mwezi mdogo namna ile ulipaswa kuwa umepoa na kufa zamani, kama vile kikombe kidogo cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Swali hilo lilikaa miaka 24 bila jibu.

AMRI YA KUSHUKA CHINI

Jibu lilipatikana kwa chombo kilichoitwa Cassini, kazi ya ushirika wa Marekani, Ulaya na Italia. Kiliondoka duniani tarehe 15 Oktoba 1997, kikafika Zohali mwezi Julai 2004. Antena yake kubwa, pana meta 4, ilitolewa na Shirika la Anga la Italia, lile lile lenye kituo chake pwani ya Malindi nchini Kenya.

Mapema mwaka 2005 Cassini ilipita jirani na Enkelado mara mbili. Miongoni mwa vyombo vyake kilikuwamo kipima usumaku, kilichoongozwa na Michele Dougherty, mwanamke mzaliwa wa Afrika Kusini anayefanya kazi London. Kipimo chake kilionyesha kwamba usumaku wa Zohali unapofika karibu na mwezi ule haupiti moja kwa moja. Unapinda, kana kwamba kuna kitu kinauzuia. Jiwe kavu la barafu halifanyi hivyo. Lazima palikuwa na mvuke au hewa ya namna fulani.

Ushahidi ulikuwa mdogo. Safari iliyofuata, ya Julai 2005, ilikuwa imepangwa ipite kilometa 1,000 juu ya mwezi. Bibi Dougherty na wenzake wakawaomba wakuu wa safari wakishushe chombo mpaka kilometa 173. Kila askari anajua uzito wa ombi kama hilo: kubadili mpango uliokwisha kupitishwa, na kukiweka hatarini chombo ambacho hakina wa kukitengeneza, kwa sababu ya dalili moja tu. Amri ikatolewa. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikashuka.

Walichokikuta kilikuwa kinyume cha matarajio yote. Ncha ya kusini ya mwezi, ambayo ingepaswa kuwa na baridi kali zaidi, ilikuwa na joto kuliko sehemu zake za katikati. Ni kama mtu aambiwe kwamba huko ncha ya kusini ya dunia, penye barafu ya milele, kuna joto kuliko Nakivale. Joto hilo lilitoka katika ile mipasuko minne, iliyopewa lakabu ya milia ya simbamarara. Kila mmoja una urefu wa kilometa kama 130 na kina cha nusu kilometa. Novemba mwaka huo huo, picha zilizopigwa jua likiwa nyuma ya mwezi zilionyesha waziwazi: michirizi mirefu ya mvuke na chembe za barafu ikiruka kutoka mipasuko hiyo hadi mamia ya kilometa angani.

Kutoka nukta ya Herschel hadi chemchemi hizo ilikuwa imepita miaka 216. Dougherty naye, mwaka 2025, aliteuliwa kuwa Mwanafalaki wa Mfalme wa Uingereza, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho.

CHUMVI NA MAGADI

Maji hayo ni mengi kiasi gani? Mwaka 2023 darubini ya angani iitwayo Webb ilipima ikapata kiasi cha kilo 300 za mvuke kila sekunde. Tufanye hesabu ya bombani: hayo ni majerikeni 15 ya lita 20 kwa kila pigo la saa. Mahali pa wakimbizi hukisiwa kwamba mtu mmoja anahitaji walau lita 20 kwa siku. Kwa kipimo hicho, maji yanayomwagwa na Enkelado siku moja yangewatosha watu wapatao milioni moja na laki tatu. Mengine huanguka tena juu ya mwezi kama theluji, na hiyo ndiyo inayousiriba uso wake kila siku. Mengine hutawanyika na kuwa pete nzima ya Zohali, pana na hafifu, ambayo wataalamu walikuwa wameiona zamani pasipo kujua asili yake.

Je, joto latoka wapi? Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua mahali pamoja haraka haraka mara 20, kisha gusa pale penye kunjo. Pamepata moto. Ndivyo ulivyo Enkelado. Njia yake kuizunguka Zohali si duara kamili, kwa sababu mwezi mwingine uitwao Dione huuvuta mara kwa mara. Enkelado huzunguka mara mbili kila Dione azungukapo mara moja. Kwa hiyo mara unaisogelea Zohali ukabanwa, mara unajitenga ukaachiliwa. Kubanwa na kuachiliwa huko kunazalisha joto ndani yake.

Cassini ilipita katikati ya mvuke huo mara kadhaa, ikiuonja kama mpishi aonjavyo mchuzi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chembe zake zina chumvi. Nayo si ya ajabu: ni chumvi ya kawaida ya chakula pamoja na jamii ya magadi, vitu viwili vilivyomo katika kila jiko la kwetu penye kupikwa maharage. Kwa hiyo maji hayo yalikuwa yamekaa muda mrefu yakigusana na mwamba. Mwaka 2015 vipimo vya mtikisiko mdogo wa mwezi vilithibitisha kwamba ganda la barafu halikushikamana na mwamba wa ndani, linaelea. Bahari imeuzunguka mwezi mzima. Ganda lina unene wa kilometa zaidi ya 20 mahali pengi, lakini kusini linakuwa jembamba. Mwaka huo huo zikapatikana chembe ndogo mno za silika, ambazo hutengenezwa maji yanapofikia nyuzi 90 au zaidi. Kwa mwinuko wa Mbarara maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Basi chini ya bahari ile kuna mahali maji yanakaribia kuchemka. Mwaka 2017 ikapatikana hidrojeni, ambayo kwenye vilindi vya bahari za dunia ni chakula cha vijidudu visivyopata kuliona jua. Na mwaka 2023 wataalamu waliozipitia tena takwimu za Cassini wakatangaza fosfati, ile ile ambayo mkulima huinunua katika mfuko wa mbolea, na ambayo pasipo hiyo hakuna mfupa wala mbegu. Maji yenye magadi huyeyusha fosfati vizuri. Anayeyajua maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki hatashangaa.

Maji, joto, chumvi, chakula. Kiumbe hai hakijaonekana. Chembe hizo zote zingeweza kuwapo pasipo uhai wowote. Lakini katika ukoo mzima wa jua letu, nje ya dunia, ni mahali pachache mno ambapo mtu anaweza kuandika orodha kama hiyo.

KUILINDA CHEMCHEMI

Sasa turudi kwenye uamuzi ule.

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa katika miaka ya mwisho ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Baada yao wamekuja wengine kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na leo ni zaidi ya watu laki moja, wengi wakisikilizana kwa Kiswahili. Maji yao hutoka sehemu kubwa katika ziwa Nakivale, nayo hayanyweki kabla ya kusafishwa. Ziwa hilo nalo limo katika mkondo mmoja na mto Rwizi, uupao maji mji wa Mbarara, na kila mtu wa huku ameona jinsi mto huo ulivyochafuka na kuliwa kingo zake. Hapana haja ya kumweleza mama wa Nakivale kwamba chanzo kikichafuliwa mara moja, kukirudisha ni kazi ya miaka. Anaijua homa ya tumbo kwa jina na kwa sura. Anamfokea mtoto anayechovya kikombe kichafu mtungini, na mtoto huapa kwamba mikono yake ni misafi.

Cassini ilikuwa ni kikombe cha namna hiyo. Ilipotengenezwa hakuna aliyejua kwamba Enkelado una bahari, na kwa hiyo haikusafishwa kwa kiwango cha kuruhusiwa kugusa maji. Yumkini vilikuwamo ndani yake vijidudu sugu vya duniani, vimelala tu. Na joto la plutoniamu iliyokipa chombo umeme lingeweza kuyeyusha barafu kama chombo kingeanguka juu yake. Mafuta ya kukiongozea yalikuwa yakikaribia kwisha. Yakiisha, chombo kingezurura bila usukani miaka mingi, na siku moja kingeweza kuigonga ile barafu nyembamba ya kusini. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unayataka mataifa yasichafue sayari na miezi kwa namna ya kudhuru. Lakini nadhani kilichowasukuma wataalamu zaidi ni hofu nyingine, nyepesi kueleweka: kwamba wajukuu wetu watafika huko, wakute kijidudu majini, washangilie, kisha wagundue kwamba ni kile tulichokipeleka wenyewe.

Basi wakachagua. Kwa mafuta yaliyobaki, mwezi Aprili 2017 walikielekeza chombo katika mizunguko 22 ya mwisho kati ya Zohali na pete zake, mahali ambapo hakijapita chombo kingine. Tarehe 15 Septemba 2017 kikatumbukia ndani ya Zohali kwenyewe kwa mwendo wa kilometa zaidi ya laki moja kwa saa. Mpaka dakika ya mwisho kilikuwa kikipima hewa ya sayari na kutuma habari nyumbani, huku mitambo yake midogo ikijitahidi kuiweka antena ielekee duniani. Ishara ya mwisho ilipokewa Australia. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa 8 na dakika 55 alasiri. Chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuteketea karibu saa moja na nusu kabla ya hapo, kwa kuwa ishara ilitumia muda wote huo kuja kutoka Zohali. Watu waliokitumikia tangu ujana wao walikumbatiana, wengine wakilia.

Chombo kitakachofuata kitapaswa kuwa kisafi. Njia iko, na si ngeni: vyombo vya Viking vilivyopelekwa kutua Mirihi mwaka 1975 vilitiwa katika tanuri la nyuzi zaidi ya 110 kwa muda uliozidi siku nzima kabla ya kuondoka, jinsi mama achemshavyo chupa ya mtoto. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa Shirika la Anga la Ulaya ilipendekeza Enkelado uwe shabaha ya safari yao kubwa ijayo, chombo kiondoke miaka ya 2040 na kuwasili miaka ya 2050. Mtoto wa miaka saba ambaye asubuhi hii amesimama katika mstari wa Nakivale na jerikeni lake la lita 5 atakuwa wakati huo mtu mzima wa miaka zaidi ya 30.